HAKI MLANGONI PA MNYONGE

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa jumuiya yetu, Nyamirambo, Kigali

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwadilifu asiyemdhulumu mtu hata uzito wa chembe. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Wenye mkutano wameniomba niseme maneno machache juu ya sheria, na juu ya namna mtu mnyonge awezavyo kuifikia haki yake katika nchi iliyovunjika kisha ikaungwa. Nilipoletewa ombi hilo nilisita. Mimi si wakili wala si hakimu. Elimu yangu ni ya chuoni, pamoja na madarasa ya shule ya msingi, basi. Vitabu vya fiqhi nimevisoma mbele ya walimu. Sheria za Serikali nimezijua kwa kusikiliza na kuuliza, kama wengi wenu. Lakini nikafikiri: haki si mali ya mawakili peke yao. Aliyedhulumiwa ndiye aijuaye haki kuliko wote, kama mwenye njaa ajuavyo thamani ya chakula. Basi nikakubali. Nitasema niliyoyasoma na niliyoyaona. Na moja katika niliyoyaona ni kosa langu mwenyewe, nalo nitalitaja mbele yenu kabla sijashuka hapa.

Niruhusuni nianze Makka. Kabla Mtume wetu (S.A.W.) hajapewa utume, alifika Makka mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, katika nchi ya Yemen. Akamwuzia bidhaa zake mkubwa mmoja wa Kikureshi aitwaye Al-As bin Wail. Al-As akazichukua bidhaa na asilipe. Yule mgeni hakuwa na kabila pale Makka, wala jamaa wa kumpigania. Akawaendea wakubwa hawa, wakamfukuza. Akawaendea wale, wakampa kisogo. Mwisho akapanda juu ya jabali la Abu Qubays wakati Makureshi wamekaa karibu na Al-Kaaba, akapaza sauti kueleza dhuluma aliyotendewa. Ndipo baadhi ya koo za Kikureshi zilipokusanyika katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa watasimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apewe haki yake. Wakamwendea Al-As, wakamwondolea bidhaa zile na kumrudishia mwenyewe. Mapatano hayo ndiyo yaitwayo Hilful Fudhul. Mtume wetu aliyahudhuria akiwa kijana, na baada ya kuja Uislamu alikuwa akiyakumbuka kwa fahari, akieleza kwamba lau angaliitwa tena kwa jambo kama lile, angaliitika.

Tazameni mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza: Makka haikukosa watu wenye nguvu, wala haikukosa mali, wala haikukosa nyumba ya ibada. Kilichokosekana ni mlango wa kubisha hodi kwa mtu asiye na jamaa. Hiyo ndiyo maana ya nchi dhaifu, ndugu zangu. Nchi dhaifu yaweza kuwa na askari wengi na majumba mazuri. Lakini ikiwa mtu hapati haki yake ila awe na nduguye mkubwa mjini, nchi hiyo ni kama jahazi lililopakwa rangi na huku limetoboka chini. Jambo la pili: waliokula kiapo kile hawakungoja mfalme awaamrishe. Walikuwa watu wa mji wenyewe, na waliona kuwa haki ni kazi yao.

Sasa turudi hapa kwetu.

Wako watu wanaodhani kwamba sheria na haki ni kitu kimoja. Sisi wa nchi hii hatuna udhuru wa kudhani hivyo. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandika watu wa Rwanda na kuwapa vyeti vilivyotaja kabila la kila mtu. Cheti kile kilikuwa kitu cha sheria. Kilikuwa na muhuri na sahihi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 vyeti vile havikuondolewa. Na ulipofika Aprili 1994, watu walisimamishwa vizuizini wakaambiwa watoe vyeti vyao, na neno moja lililoandikwa juu ya karatasi likawa hukumu ya kifo. Kwa hiyo muhuri peke yake hauifanyi sheria kuwa haki. Sheria huwa haki pale inapomlinda yule asiyeweza kujilinda.

Yaliyotokea kuanzia tarehe 7 Aprili hadi Julai 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hamna haja niwasimulie. Serikali yetu imehesabu zaidi ya watu milioni moja waliouawa katika siku mia moja. Husemwa, na ni kweli, kwamba Waislamu wengi walikataa kuingia katika dhambi ile. Kwamba hapa Nyamirambo na kule Mabare watu waliwaficha jirani zao, na wengine wakafa pamoja nao. Mwenyezi Mungu awalipe pepo. Lakini tusijisifu mpaka tukasahau kusema kweli. Wako na miongoni mwetu ambao mikono yao haikuwa safi, nao walishitakiwa na wakahukumiwa kama wengine. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nisaa tusimamishe uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Basi anayetoa ushahidi juu ya watu wa dini nyingine tu na kunyamaza juu ya wa kwao, huyo hajatoa ushahidi, ametoa upendeleo.

Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa haina mahakama ya kutajika. Mahakimu wengi walikuwa wameuawa, wengine wamekimbia, wengine wamo gerezani wenyewe. Majalada yalikuwa yameungua au yameibwa. Na magereza yalijaa: ilipokaribia kwisha miaka ya 1990, wafungwa walifika kama 120,000, katika majengo yasiyoweza kuchukua hata nusu yao. Sheria ya kuwahukumu ilitolewa tarehe 30 Agosti 1996, mahakama zikaanza kazi. Lakini waliopiga hesabu waliona kwamba kwa mwendo ule kazi ingalichukua zaidi ya miaka mia. Maana yake ni kwamba mshitakiwa atakufa, na shahidi atakufa, na hakimu atakufa, na kesi ingalipo.

Hapa palikuwa na dhuluma mbili juu ya mizani moja. Upande huu yuko mjane aliyeuawa watu wake wote, na hajui lini atasikilizwa. Upande wa pili yuko mtu aliyekamatwa, pengine ameua kweli, pengine ametajwa na adui yake tu, naye amelala juu ya saruji miaka saba bila kuulizwa neno. Kumwacha muuaji bila hukumu ni dhuluma. Na kumfunga mtu bila kumsikiliza ni dhuluma vilevile. Moja haiifuti nyingine.

Ndipo ikarudishwa Gacaca. Neno hili la Kinyarwanda, kama mjuavyo, latokana na majani, kwa kuwa zamani wazee walikaa majanini wakaamua ugomvi wa mipaka na mifugo. Sisi Waswahili twasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Nami huona ajabu ya Mungu kwamba nyasi zilezile zilizoumia ndizo tulizokalia kutafuta kweli. Sheria yake ilitolewa tarehe 26 Januari 2001. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wananchi wakachagua mahakimu wao, inyangamugayo, kama watu 260,000. Kazi ilianza kwa majaribio Juni 2002, ikaenea nchi nzima tangu mwaka 2005, na ikafungwa tarehe 18 Juni 2012. Zilikuwa mahakama zaidi ya 12,000, na mashauri waliyoyakata yalikaribia milioni mbili. Aliyekiri na kuomba msamaha alipunguziwa adhabu, na wengi walimaliza sehemu ya kifungo chao kwa kazi za manufaa ya watu: kujenga nyumba, kuchimba barabara, kutengeneza matuta.

Nami nilikuwa nikihudhuria kama mkazi mwingine yeyote. Siku ya Gacaca maduka yalifungwa, watu wakaja na vigoda vyao. Siku moja alisimama bibi mmoja mzee. Alipoulizwa adai nini, hakudai nyumba wala ng'ombe. Alisema: "Nataka kuambiwa mmewatupa wapi wanangu." Mshitakiwa alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaonyesha kwa kidole upande wa bondeni. Wiki ile ile walichimbua, wakawapata, wakazikwa kama wazikwavyo binadamu. Siku ile nilifahamu kwamba haki ina vipande vingi, na kujua alipo maiti wako ni kipande kimoja, na wako watu ambao hicho ndicho walichobakiwa nacho kukidai.

Lakini mwenye kusifu bila kutaja kasoro hamsaidii yeyote. Katika Gacaca mshitakiwa hakuwa na wakili. Walikuwako mashahidi waliotishwa, na waliouawa kwa sababu ya ushahidi wao. Walikuwako waliosema uongo ili wachukue shamba la jirani, na mahakimu waliokula rushwa wakaondolewa. Mahakimu wale hawakuwa na mshahara, na wengi hawakuwa na elimu ya sheria ila mafunzo ya siku chache. Na yako malalamiko ambayo Gacaca haikuyapokea, kwa kuwa iliwekwa kwa ajili ya mauaji ya kimbari peke yake. Haya yote yasemwe, maana nchi isiyoweza kuzitaja kasoro za mahakama zake haiwezi kuzitengeneza.

Wakati huohuo kulikuwa na mahakama nyingine kule Arusha, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994. Hiyo ilishitaki watu 93, wakubwa waliokuwa wamekimbilia nchi za watu. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Nayo ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya mataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kuhukumu kwamba ubakaji waweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kazi ile ina faida kubwa, maana Mtume wetu alipoombewa mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba, alikasirika, akaeleza kwamba mataifa ya kale yaliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba humwacha, na mnyonge akiiba humwadhibu. Arusha iliwashika watukufu. Lakini wangapi katika sisi waliokuwa na nauli ya kwenda Arusha?

Nawaombeni sasa tushuke kutoka katika mambo makubwa, twende katika madogo. Kwani mtu huweza kupona jeraha la upanga, kisha akafa kwa mwiba aliouacha mguuni. Siku hizi wengi wetu hatuendi kwa hakimu kwa sababu ya damu. Twagombana kwa mpaka wa kiwanja, kwa deni, kwa ukuta wa jirani, kwa urithi wa baba. Na ugomvi wa ndugu juu ya urithi ni moto chini ya majivu. Nchi iliyopata kuungua haifai kuuacha uwake.

Kwa mambo hayo iliwekwa kamati ya wapatanishi, Abunzi, kwa sheria ya mwaka 2004, ikatengenezwa tena kwa sheria ya mwaka 2016. Kamati iko katika kila akagari, na nyingine ya rufani katika kila umurenge. Kila kamati ina watu saba waliochaguliwa kwa uaminifu wao, na wanawake wasipungue asilimia 30. Hawapokei mshahara, wala mwenye shauri hatozwi kitu. Wenye ugomvi huchagua watatu katika wale saba, nao husikiliza na kutafuta suluhu. Kwa sheria ile ya 2016, shauri la mali lisizidi thamani ya faranga 3,000,000. Asiyeridhika huenda kwenye umurenge, na asiporidhika huko huenda mahakamani. Tena tangu mwaka 2007 ilianzishwa nyumba ya msaada wa sheria iitwayo MAJ, kwanza katika wilaya tano, kisha katika wilaya zote 30, ambamo mtu asiye na fedha hupewa shauri la kisheria bure.

Jambo hili si geni kwa Muislamu. Bibi Umm Salama amesimulia kwamba watu wawili walimwendea Mtume wakigombania urithi wa zamani, na hapana aliyekuwa na shahidi. Mtume akawaonya kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa fundi wa kusema kuliko mwenziwe, akampa kisichokuwa chake. Na atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo, basi amekatiwa kipande cha moto. Wale watu wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yake amempa mwenziwe. Mtume akawaambia waende wakagawane kwa uadilifu, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Hiyo ndiyo suluhu. Lakini sharti lake, ndugu zangu, ni kwamba wote wawili waliogopa Mungu. Suluhu baina ya mwenye nguvu na mnyonge, ambapo mnyonge anaambiwa asamehe kila siku na mwenye nguvu haambiwi arudishe, si suluhu. Hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Sasa nimefika mahali pa kutaja kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa kijana katika kazi hii, nilimwozesha bwana mmoja mkewe. Walii alikuwapo, mashahidi walikuwapo, mahari ilitajwa, hotuba ilisomwa. Ndoa ilikuwa sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu. Sikuwauliza kama watakwenda kuandikisha ndoa yao serikalini. Nilijua kuwa sheria ya nchi haitambui ila ndoa iliyofungwa mbele ya mwandishi wa Serikali. Lakini nilijiambia: hayo ni mambo yao na Serikali, yangu mimi yamekwisha.

Bwana yule na bibi yule walijenga nyumba ya vyumba viwili kando ya mji, na shamba dogo la migomba. Bibi alikuwa akiuza sambusa na maandazi. Nusu ya matofali yale yalitoka katika karai lake. Kisha Serikali ikaja kuandikisha viwanja vya nchi nzima, kazi iliyomalizika mwaka 2013 kwa kuandikwa viwanja zaidi ya milioni 10. Waandishi wakauliza cheti cha ndoa. Hakikuwapo. Likaandikwa jina la mume peke yake. Hapana aliyeona neno, kwani walikuwa wakipendana.

Bwana akafariki. Haikupita hata arubaini, ndugu zake wakaja na ile karatasi, wakamwambia bibi: "Wewe hapa ni mgeni." Mgeni, ndugu zangu! Kama yule mtu wa Zabid. Akaja kwangu akilia, akasema: "Sheikhe, wewe ndiye uliyenioza; njoo ukaseme." Nikaenda naye kwa Abunzi. Nilivaa joho langu, nikaenda kwa ushujaa, nikidhani ushahidi wangu utamaliza maneno. Nikasema: "Mwanamke huyu ni mke halali, nami ndiye niliyesoma hotuba ya ndoa yake." Katika wapatanishi watatu alikuwamo bibi mmoja mzee, si Muislamu. Alinitazama kwa upole, akaniuliza: "Mzee wetu, siku ile ulipowaozesha, uliwaambia kwamba cheti chako hakitamlinda mwanamke huyu mume wake akifa?"

Sikuwa na jawabu. Wallahi, sikuwa na jawabu.

Bibi yule alipata mahali pa kukaa, lakini si kwa ushahidi wangu. Watoto walikuwa wameandikishwa kwa jina la baba yao, na watoto ni warithi. Nyumba ikaachwa kuwa ya watoto, na mama yao akakaa nayo kama mlezi wao. Yeye mwenyewe hakupata kitu kwa jina lake. Hata ile thumni aliyowekewa na Mwenyezi Mungu katika Qurani, mjane mwenye watoto, hakuipata. Nilirudi nyumbani nikafikiri: je, angalikuwa hana watoto? Angalilala wapi usiku ule? Na je, katika ndoa nilizofunga, wangapi wako hivyo hivyo, ila siku yao haijafika?

Najua desturi hii imetoka wapi. Mababu zetu walikuja nchi hii wakati wa Wadachi, na msikiti wa Al-Fatah hapa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji waliwaweka Waislamu katika mitaa yao peke yao, ile iliyoitwa Kambi ya Waswahili, na milango mingi ya shule na kazi ilikuwa imefungwa mbele yetu. Mtu anayefungiwa milango hujifunza kumaliza mambo yake uani. Tukazoea kusema, mambo yetu tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe. Wakati ule ilikuwa ngao. Lakini ngao ya jana yaweza kuwa kifuniko cha dhuluma leo. Leo tuna watoto wetu maofisini na mahakamani. Hata lugha hii ninayosema nayo, iliyokuwa ya kuchekwa, mwaka 2017 ilifanywa lugha ya Serikali. Kwa nini basi tuendelee kuwaficha mama zetu uani?

Wenzetu wa Mombasa na Lamu wana kadhi aliyewekwa na sheria, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa mahali pake. Unguja na Pemba vilevile. Sisi hapa hatuna kadhi wa Serikali. Kwa hiyo Muislamu wa Mombasa akipata cheti cha kadhi ana kitu mkononi. Wa Kigali akipata cheti changu mimi, ana baraka na dua, lakini mbele ya hakimu hana kitu. Tusiwadanganye watu.

Wako watakaoniuliza: "Sheikhe, na mirathi yetu je? Tangu sheria ya mwaka 1999, mtoto wa kike hupewa sawa na wa kiume." Ndugu zangu, suala hilo ni kubwa, lataka kikao chake na wanazuoni wake. Lakini nami nina suala langu. Wale wanaoikataa sheria ya Serikali kwa jina la faraidhi, wangapi wamempa dada yao hata ile nusu aliyowekewa na faraidhi? Tusemeane kweli. Twaikimbia sheria ya Serikali kwa jina la sharia, kisha twaikimbia sharia kwa jina la mila, na mwisho dada hana kitu kwa Serikali, wala kwa sharia, wala kwa mila.

Wala msidhani taabu hii ni ya Rwanda peke yake. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya mashariki, watu wengi wamekaa mbali na mahakama kwa siku nyingi za kutembea, na barabara zina watu wenye bunduki. Huko zilianzishwa mahakama za kuzunguka, hakimu akifuata watu badala ya watu kumfuata hakimu. Februari 2011 mahakama kama hiyo ilikaa Baraka, katika Fizi, ikamhukumu luteni kanali mmoja wa jeshi miaka 20 gerezani kwa ubakaji waliofanya askari wake siku ya mwaka mpya. Wanawake wa kijijini walisimama mbele ya kanali, na kanali akafungwa. Mahakama moja haikuiponya Kongo. Lakini waliokuwako walijua tangu siku ile kwamba jambo hilo lawezekana. Na mwaka 2015 mataifa yote ya dunia yaliandika katika malengo yao, lengo la 16, kwamba haki iwafikie watu wote. Maneno ni mazuri. Ila haki haiwafikii watu wote. Humfikia mtu mmoja, kisha mwingine, mlangoni pake.

Basi nini tufanye? Nitataja manne, nami nimalize.

La kwanza ni kwetu sisi masheikh na maimamu. Mimi nimejifunga, tangu siku ile ya Abunzi, nisisome hotuba ya ndoa kabla sijaona kwa macho cheti cha Serikali. Wako waliokasirika nami, na wako waliokwenda kwa mwingine. Nawaomba wenzangu tuwe na neno moja, asipatikane huyo mwingine. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani haikushuka kwa ajili ya sala wala saumu. Imeshuka kutuamrisha kuandika deni na kushuhudisha. Ikiwa deni la fedha laandikwa, vipi isiandikwe amana ya mwanamke na watoto wake?

La pili ni kwa nyinyi waume mliooa kwa ndoa ya msikitini tu, na mke bado yuko ndani. Nendeni umurenge mkaandikishe. Msingoje maradhi. Kisha litizameni jina lililo juu ya karatasi ya kiwanja. Na aliyeoa mke wa pili ajue kwamba sheria ya nchi haimtambui mke huyo. Basi amwogope Mungu, amwandikie kilicho chake wakati angali hai, kwa njia inayokubaliwa na sheria, baada ya kuuliza wanaojua.

La tatu ni kwa mama zetu. Msiione aibu kuuliza. Kuuliza haki si utovu wa adabu. Bibi Khawla binti Thaalaba alimjadili Mtume juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akamsikia kutoka juu ya mbingu saba, akateremsha Sura. Ikiwa Mola amemsikiliza Khawla, sisi ni nani hata tukunyamazisheni?

La nne ni kwa vijana mliosoma. Jumuiya hii ina watu waliohitimu sheria, jambo ambalo babu zetu hawakuliota. Toeni saa moja baada ya sala ya Ijumaa, mkae barazani pa msikiti, mwandikie wajane barua zao na muwaonyeshe njia ya kwenda Abunzi na MAJ. Wala msiwaulize dini yao. Waliokula kiapo katika nyumba ya Ibn Jud'an hawakumwuliza mtu wa Zabid dini yake. Walimwuliza amedhulumiwa nini.

Wenye nguvu watapata njia siku zote. Hata nchi ikivunjika, wao huwa na gari la kuondokea. Sheria imewekwa kwa ajili ya anayebaki nyuma na karai lake la maandazi. Tukimlinda huyo, nchi imesimama. Tukimwacha, hata tukijenga misikiti ya dhahabu, tumejenga juu ya ufa.

Ewe Mola, warehemu waliouawa katika nchi hii kwa dhuluma. Wape subira waliobaki. Watie uadilifu wanaohukumu, na uwape ukweli wanaoshuhudia. Tusamehe sisi tulionyamaza mahali palipotaka neno. Uwalinde wajane na mayatima wetu, wala usitufanye sisi kuwa sababu ya machozi yao. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.